Dondoo muhimu: Kabla hujafunga sanduku

Miraa Nairobi huuzwa hadharani, ila ukivuka nayo Namanga kuingia Tanzania ni dawa ya kulevya. Uingereza nayo iliipiga marufuku mwaka 2014. Soma sheria za unakokwenda, si za unakotoka.

Anayekwenda Dubai akague kwanza mfuko wa dawa. Tramadol na vidonge vyenye kodeini, hata kama umeandikiwa na daktari, huhitaji kibali cha mamlaka za huko, na kibali huombwa kabla ya safari. Beba cheti cha daktari, na dawa ibaki kwenye pakiti yake. Vidonge vilivyochanganywa ndani ya kikopo cha mafuta ya kupaka vitakuletea maswali marefu, hata kama ni vya presha ya bibi.

Ulaya, samli na nyama ya kukausha huishia pipani. Dagaa wakavu wana nafuu: Umoja wa Ulaya huruhusu samaki hadi kilo 20 kwa matumizi yako mwenyewe.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019.

Kenya na Tanzania, fedha taslimu zikifika dola 10,000, zitangaze. Hutozwi ushuru kwa kuzitangaza. Kosa ni kunyamaza.

Na yule jirani mwenye “kafurushi kadogo tu ka shangazi”? Kafungueni pamoja, mezani, mbele yake. Akikataa, mrudishie. Forodhani, mwenye sanduku ndiye mwenye mzigo.