KANZU YA KILA MWAKA
Somo kwa wazazi wenye shughuli nyingi

Masomo: 1 Samweli 2:11–26, Luka 2:41–52, Kumbukumbu la Torati 6:4–9.



Katika somo hili twataka kuutazama mwaka mzima wa familia yenye watoto wanaokua, tangu Januari hata Desemba. Wazazi wengi wa parishi yetu husema hawana nafasi, nasi twaamini kwamba wasema kweli. Kwa hiyo hatuandiki ili kuwaongezea kazi juu ya zile walizo nazo. Twataka kuonyesha jambo moja tu: mtoto wa mwaka huu si yule wa mwaka jana, na kila mwaka yampasa mzazi kumpima upya.

Tafadhali msome kwanza masomo yaliyotajwa hapo juu, ikiwezekana baba, mama na watoto wakubwa pamoja.

1. Kalenda nne katika nyumba moja

Hapa kwetu Dodoma kila nyumba hufuata kalenda nne kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ya mvua. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mavuno huja baada yake. Ya pili ni ya shule, ambayo huanza Januari, hupumzika Juni na kufunga Desemba. Ya tatu ni ya kazi za ofisini na biashara, na kwa watumishi wa serikali mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Ya nne ni ya Kanisa, inayoanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, karibu na tarehe 30 Novemba.

Kalenda hizi hazikupangwa na mtu mmoja, nazo hugongana. Januari ndio mwezi wa sare, viatu na madaftari, na ndio mwezi wa palizi, wakati mtama wa mwaka uliopita umepungua ghalani. Ni kweli kwamba ada katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kwa kidato cha tano na cha sita. Hata hivyo sare na mahitaji mengine bado hutoka mfukoni mwa mzazi. Baba yuko kazini, mama yuko shambani au sokoni, mmoja wa watoto yuko darasa la pili, mwingine darasa la saba, na mkubwa yuko bwenini. Si ajabu mwaka ukapita, na mzazi akashtuka kuona mtoto amemfikia begani.

2. Mama aliyeshona kila mwaka

Hana alikuwa amemwomba Mungu mtoto, akampata Samweli, na alipomwachisha ziwa alimpeleka Shilo akakae katika nyumba ya Bwana. Tangu hapo alikuwa akimwona alipopanda na Elkana mumewe kutoa dhabihu ya mwaka. Baadaye Hana alizaa watoto wengine, wana watatu na binti wawili. Nyumba yake basi haikuwa na upungufu wa kazi.

Hata hivyo mwandishi ametuwekea jambo dogo ambalo angeweza kuliacha. Kila mwaka Hana alimshonea Samweli kanzu ndogo, akaipeleka Shilo. Akina mama wanaoshona wataelewa mara moja. Kanzu ya mwaka jana haimfai mtoto mwaka huu, na mama asiyemwona mtoto kila siku hushona kwa kukadiria. Humtazama vizuri siku ya kukutana, mabega na urefu wake, kisha huongeza kidogo kwa ajili ya miezi ijayo.

Sisi nasi twafanya hivyo kwa sare za shule. Fundi huambiwa aache pindo pana ili lishushwe mtoto akirefuka. Kwa nguo twakumbuka kwamba mtoto anakua. Katika kazi tunazompa, katika maneno tunayomwambia na katika sala, mara nyingi twamvika bado kanzu ya miaka mitatu iliyopita.

3. Wazazi wema nao huweza kukosa kuona

Katika sura ile ile yenye habari ya kanzu, iko habari ya nyumba nyingine, nyumba ya Eli. Eli hakuwa mvivu. Alikuwa kuhani, na kazi yake ilikuwa ya Mungu. Lakini wanawe walikuwa wamepotoka, naye alisikia matendo yao kutoka kwa watu. Alipowakemea walikuwa watu wazima, wala hawakumsikia. Biblia imeweka nyumba hizi mbili karibu karibu: mama aliye mbali anayejua kimo cha mtoto wake, na baba aliye karibu anayepata habari za wanawe kwa majirani.

Hata Yusufu na Mariamu, waliokwenda Yerusalemu kila mwaka kwa Pasaka, walisafiri mwendo wa siku nzima wakidhani kijana Yesu yumo katika msafara. Walikuwa wakitoka katika ibada. Jambo hili latuhusu sisi tulio na vikao vya halmashauri ya parishi, mazoezi ya kwaya na mikutano ya Umoja wa Akina Mama. Mtu aweza kuwa katika shughuli njema kabisa, na mtoto wake asiwemo msafarani.

4. Mambo matatu ya kupima

Kwanza, tupime kazi. Kazi za nyumbani humfundisha mtoto, lakini zilingane na kimo chake. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20, mbali na uzito wa ndoo yenyewe. Mtoto wa miaka saba asitwishwe ndoo hiyo. Dumu la lita 5 lamtosha, na mwaka hata mwaka ataongezewa. Naye kijana wa miaka kumi na minne asiachiwe kazi za kitoto tu. Aweza kupewa fedha za kununua mahitaji ya juma, akaleta hesabu. Tena tuangalie mizani kati ya binti na kaka yake. Mara nyingi binti hupika, huteka maji na kuosha vyombo, naye kaka hukaa na daftari lake. Saa moja ya kusoma anayonyimwa binti kila jioni yafanya saa saba kwa juma. Mvulana ana mikono ya kuosha sufuria kama dada yake.

Pili, tupime maneno. Mtoto mdogo huamriwa. Mtoto wa miaka kumi huelezwa sababu. Kijana wa miaka kumi na sita huulizwa shauri kabla ya kuambiwa neno. Tazameni jinsi mambo yalivyokwenda Hekaluni. Yesu wa miaka kumi na miwili alipomjibu mama yake, wazazi hawakulielewa neno lile. Hata hivyo hawakumfokea, na Mariamu akayaweka mambo yote moyoni. Kisha kijana alishuka nao Nazareti akawatii. Kumsikiliza kijana hakuondoi utii wake.

Tatu, tupime sala. Hapa ndipo tunapoona hasara kubwa katika parishi zetu. Vijana hujifunza miezi mingi, huwekewa mikono na Askofu, hula sikukuu ya Kipaimara pamoja na jamaa zao, na baada ya miaka miwili hatuwaoni tena kanisani. Wengine hukifanya Kipaimara kuwa kama cheti cha kumaliza shule. Twadhani sababu mojawapo iko nyumbani. Kijana bado anaombewa kama mtoto mchanga, akifumba macho na kuitikia Amina, wala hajapewa sala yoyote iliyo yake. Mdogo aitikie. Wa miaka kumi asome somo. Aliyepata Kipaimara aongoze sala ya jioni ya nyumba mara moja kwa juma, na akiwa na swali gumu juu ya imani, asikemewe kwa kuuliza.

5. Azimio la kazi la nyumba

Sisi tuliosomea ualimu vyuoni tulifundishwa kwamba mwalimu haingii darasani bila andalio la somo, wala haanzi mwaka bila azimio la kazi. Azimio lina safu ya mwisho iitwayo Maoni, ambamo mwalimu huandika kilichotokea kweli, ili ajue la kufanya baadaye. Familia yaweza kufanya vivyo hivyo kwa karatasi moja ya daftari. Andikeni jina la kila mtoto, jambo moja la kumwangalia, na nafasi ya maoni. Kisha mwaka uwe na vituo vinne.

Kituo cha kwanza ni Majilio na Krismasi, kabla shule hazijafunguliwa. Watoto wako nyumbani, hata wa bwenini. Siku ile mnayojaribu sare kuona kama bado zatosha, pangeni upya na kazi za kila mmoja.

Kituo cha pili ni Kwaresima na Pasaka. Pasaka huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, wakati palizi inapungua. Katikati ya siku hizo, tarehe 25 Machi, Kanisa hukumbuka Mariamu kupashwa habari na malaika. Ni siku inayopendwa na Umoja wa Akina Mama, ulioanzishwa na Mary Sumner mwaka 1876 katika parishi ya mumewe huko Old Alresford, Uingereza. Yeye alikuwa mama wa watoto watatu, na alianza kwa kuwakusanya akina mama wa hali zote wasaidiane katika malezi. Kituo hiki kiwe cha maneno. Kila mzazi akae na kila mtoto peke yake, walau nusu saa, asikilize zaidi kuliko kusema.

Kituo cha tatu ni Juni na Julai, wakati wa mavuno na likizo. Mikono ikiwa inapura mtama au kubangua karanga, masikio yako huru. Musa, katika Kumbukumbu la Torati, ametaja nyakati nne za kuwafundisha watoto: tuketipo nyumbani, tutembeapo njiani, tulalapo na tuondokapo. Zote ni nyakati ambazo tayari tunazo, na kazi ya mavuno yaweza kuwa mojawapo.

Kituo cha nne ni Septemba hadi Novemba. Darasa la saba hufanya mtihani wa taifa Septemba, na kidato cha nne Novemba. Mwenye mtihani apunguziwe kazi, na wengine wote, pamoja na baba, wagawane sehemu yake. Aambiwe mapema, kabla ya matokeo, kwamba nafasi yake katika nyumba haitegemei alama.

6. Neno kwa bibi na walezi

Wako miongoni mwetu mabibi wanaolea wajukuu, wajomba na mashangazi wanaolea watoto wa ndugu zao, na mama wanaolea peke yao. Msidhani somo hili haliwahusu. Samweli hakulelewa na Hana na Elkana peke yao, bali pia na mzee aliyeanza kupofuka macho. Ni Eli aliyemfundisha namna ya kumwitikia Bwana usiku ule alipoitwa. Mlezi asiyeweza kukimbia na watoto aweza bado kuwasikiliza.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika kikundi

1. Kila mtoto wako ana umri gani, na ni kazi gani aliyo nayo ambayo imemzidi au imepitwa na kimo chake?
2. Habari za mtoto wako wazipata kwake mwenyewe, au kwa watu kama Eli?
3. Katika nyumba yako, ni nani anayeongoza sala? Ni mtoto yupi anayeweza sasa kupewa zamu?
4. Ni kituo gani kati ya vinne kilicho karibu, na mtafanya jambo gani moja?

Tuombe: Ee Mungu, uliyemkuza Samweli mbele zako, na ambaye Mwanao alikua katika nyumba ya Nazareti, utupe macho ya kuwaona watoto wetu kama walivyo leo, na subira ya kuwashonea upya kila mwaka; kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.