Maji Yakipita, Wewe Usipite
Kijitabu cha elimu kwa umma kuhusu kuvuka mito ya msimu katika kaunti za Kitui na Makueni

KWA NINI KIJITABU HIKI

Kila msimu wa mvua tunapokea malalamiko ya aina mbili. La kwanza huja mto ukiwa umejaa: "Mmetufungia barabara, soko limelala, watoto hawajafika shuleni." La pili huja siku chache baadaye, na sauti yake ni nyingine: "Serikali ilikuwa wapi watu wetu wakisombwa?" Mara nyingi malalamiko yote mawili hutoka upande uleule wa mto.

Tunajua wengi wenu hamna imani na ofisi za serikali. Hilo halizuii mtu kusoma. Si lazima uipende serikali ndipo ufuate ushauri huu, kwa sababu maji hayaulizi mtu alimpigia nani kura.

Kanuni ni moja, nasi tutairudia hadi uichoke: MAJI YAKIPITA JUU YA DRIFTI, USIPITE. Si kwa miguu, si kwa bodaboda, si kwa matatu, si kwa basi. Ngoja, au rudi. (Drifti ni kivuko cha zege kilicholala chini mtoni.)

KILICHOTOKEA ENZIU

Jumamosi tarehe 4 Desemba 2021, basi la seminari moja ya Kikatoliki mjini Mwingi lilikuwa limebeba wanakwaya na jamaa zao kwenda harusini upande wa Nuu. Walipofika Mto Enziu, maji yalikuwa yamefunika barabara. Watu walikuwa wamesimama ukingoni. Basi likaingia, likasogea kidogo, kisha likaelemewa upande mmoja na kuzama mbele ya macho ya umati. Watu 17 waliokolewa. Zaidi ya 30 walikufa, watoto wakiwamo. Wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji waliitwa kusaidia kuwatafuta waliobaki chini.

Harusi ingeweza kungoja. Hilo ndilo somo lote la Enziu, na ndilo linalosahaulika haraka zaidi. Mwishoni mwa Aprili 2024, nchi nzima ikiwa katika mafuriko, lori lililobeba watu lilisombwa katika mto wa Kwa Muswii, Makueni. Watu walikufa tena, na watu walikuwa wakitazama tena.

KWA NINI MITO YETU INADANGANYA

Anayeishi kando ya Tana anajua kuwa mto ni mto mwaka mzima. Kwetu sivyo. Tiva, Thua, Nzeeu, Kalundu, Enziu na Kaiti ni njia za mchanga kwa miezi mingi. Tunachimba visima humo, tunapitisha ng'ombe, watoto wanacheza mpira. Mtu aliyekanyaga mchanga mkavu mara elfu moja huamini kuwa anaujua mto. Anachokijua ni mchanga.

Shikeni mambo manne.

Kwanza, maji huja bila mvua. Mvua ikinyesha kwenye vilima vya Mbooni na Kilungu, maji yatafika tambarare huku jua likiwaka. Athi ni zaidi: hubeba maji ya Nairobi na Machakos, hivyo wakazi wa pande zote mbili za mto huo, Kibwezi na Kitui Kusini, wanaweza kuona mto ukipanda bila tone kuanguka kwao. Mbingu safi si kibali cha kuvuka.

Pili, maji ya kwanza huja kwa kishindo. Yanasukuma magogo, mawe na matope. Ukisikia mngurumo kutoka juu ya mto, au ukiona maji yamegeuka rangi na kubeba vijiti, ondoka mtoni papo hapo. Usirudi kuchukua jerikeni. Usirudi kufungua punda.

Tatu, hujui kilicho chini. Maji ya udongo mwekundu hayaonyeshi kina. Drifti uliyoivuka jana huenda imechimbwa usiku, zege limebaki juu na chini yake hakuna kitu. Magari yaliyopita kabla yako si ushahidi; pengine hilo la mwisho ndilo lililomalizia kuibomoa.

Nne, kalenda yetu ni mbaya. Mvua kubwa ya Ukambani ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ndiyo miezi ya harusi, na ndiyo miezi ya kurudi nyumbani kutoka Nairobi na Mombasa kwa Krismasi. Barabara hujaa madereva wasioujua mto, wenye haraka, wenye magari yaliyojaa, wakati uleule mto unapokuwa na nguvu zaidi.

HESABU YA MAJI

Wapo wanaosema, "Gari langu ni zito." Tufanye hesabu pamoja.

Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 15 tu, yaani juu kidogo ya kifundo cha mguu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 30, yanaweza kulielesha gari dogo. Yakifika sentimita 60, yanaweza kuchukua magari mengi, pikapu na magari makubwa ya kifamilia yakiwamo. Na kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kusukuma huongezeka mara nne.

Basi nalo? Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani 1. Basi lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 2.5 likizama sentimita 10 kutoka chini ya bodi yake, maji yanalibeba kwa tani 2.5. Likizama sentimita 40, ni tani 10, uzito unaokaribia ule wa basi zima. Magurudumu hayashiki tena. Hapo ubavu wake mpana unapokea maji yote kutoka upande wa juu, na dereva anashika usukani usioongoza chochote. Ukubwa wa basi, ambao abiria wanaukimbilia kwa usalama, ndio unaowamaliza.

WANAOKUSUKUMA UVUKE

Mtu mmoja peke yake huogopa mto. Ni watu wengine wanaomtia ushujaa wa bure. Wako vijana wanaosimama ukingoni wakidai pesa kuwavusha watu mgongoni au kuelekeza magari. Hawana kamba, hawana leseni, na mto ukikushinda watakimbia na nauli yako. Yuko kondakta anayesema, "Mwenzetu amepita sasa hivi." Wako waombolezaji na maharusi wenye ratiba. Yuko mwalimu anayeandika jina la mchelewaji.

Kwa walimu, wachungaji na mapadre tunasema wazi: tangazeni mapema kwamba mto ukijaa, hakuna atakayelaumiwa kwa kutofika. Tangazo hilo la dakika moja linaokoa watu.

WAJIBU WA DEREVA, HAKI YA ABIRIA

Dereva: ukisababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari, Sheria ya Trafiki inaruhusu kifungo cha hadi miaka 10. "Abiria ndio walionihimiza" haitakusaidia mahakamani.

Abiria: hapa ndipo tunapohofia kupuuzwa, kwa hiyo soma polepole. Dereva akielekea kuingia majini, fanya hivi:

1. Sema kwa sauti, gari likiwa bado nchi kavu: "Simamisha, tunashuka."
2. Shuka. Usingoje wengine wakubaliane. Mmoja akishuka, wengine hufuata.
3. Watoe watoto kwanza, kisha wazee.
4. Simameni mbali na ukingo, mahali palipoinuka, kwa sababu ukingo wa mchanga huporomoka.
5. Mpigie chifu au naibu wake.

Usione haya. Mama aliyeshuka na kutukanwa na kondakta atafika nyumbani akiwa amekasirika. Atafika.

Na kama gari limeshaingia na kuzimika? Fungua mkanda, fungua dirisha mapema kabla maji hayajaukandamiza mlango, toka, panda juu ya paa, shikilia hapo, piga kelele. Usijaribu kutembea hadi ukingoni.

MASHIMO YA MCHANGA NA SILANGA

Mto ukishuka hatari haijaisha. Wachimbaji wa mchanga huacha mashimo ambayo hujaa na kufunikwa na maji yanayoonekana matulivu. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015, na uchimbaji bila kibali ni kosa. Tunasisitiza: anayechimba na kuacha shimo anaacha mtego. Ripoti.

Watoto hufa pia kwenye silanga, yaani mabwawa ya kunyweshea mifugo, na chini ya kuta za mabwawa ya mchanga yaliyojengwa mitoni, pale maji yanapoanguka na kuchimba kina. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto wa umri huo mara nyingi hazami mafurikoni. Anazama karibu na nyumbani, mama akiwa shambani. Nchini Bangladesh, vijiji vilivyowakusanya watoto wadogo mahali pamoja chini ya mlezi wakati wa kazi za mashamba viliona vifo hivyo vikipungua sana. Hapa kwetu hilo halihitaji mfadhili: bibi mmoja, kivuli cha mwembe, na zamu. Silanga iwekewe ua wa miiba na mlango mmoja.

UKIONA MTU ANASOMBWA

Usiruke majini. Wengi wanaokufa wakiokoa wengine walikuwa na nguvu na nia njema. Mnyooshee mti mrefu ukiwa umelala kifudifudi. Mrushie kamba. Mrushie jerikeni tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko. Linatosha kumweka mtu juu ya maji. Wengine wakimbie kando ya mto kuelekea chini, mbele yake.

Akitolewa na hapumui, usimning'inize miguu juu, usimkande tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi mdomoni, kisha bonyeza kifua kwa nguvu mara 30 na pumzi 2, ukirudia bila kukoma hadi msaada ufike. Piga 999 au 112, au Msalaba Mwekundu wa Kenya kwa 1199.

KAZI YA UTUI (KIJIJI)

Ofisi yetu imefanya sehemu yake: onyo limetolewa barazani, kanisani na kwenye redio za Kikamba, na utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa hutangazwa kabla ya kila msimu. Tunajivunia hilo. Lakini hakuna ofisa awezaye kusimama kwenye kila kivuko usiku.

Mwethya, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, unaweza. Watu wa Kitui wamejenga mabwawa ya mchanga kwa mamia, kwa mawe na mikono yao, pamoja na mashirika kama SASOL lililoanza miaka ya 1990. Watu hao hao washike mambo haya: vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu pande zote mbili za drifti, ili kila mtu aone maji yamefika wapi, simu kutoka utui wa juu kwenda utui wa chini maji yanapoanza kushuka, kamba ndefu na jerikeni kwenye duka la karibu, na wazee wawili wenye amri ya kufunga njia. Wakifunga, imefungwa.

KUHUSU BIMA NA KARATASI

Maafa yakitokea, bima ya lazima ya magari inamgusa abiria wa kulipa nauli, kwa masharti na mipaka ya Sura ya 405 ya Sheria za Kenya. Ripoti ya polisi inahitajika. Usitegemee bima ukiwa umepanda juu ya lori. Kifo kiandikishwe kwa naibu wa chifu. Usizike bila kibali. Aliyepotea bila mwili kupatikana anaweza kuhesabiwa amefariki baada ya miaka 7 bila habari zake. Maelezo zaidi yako ofisini.

JAZA SASA, BANDIKA MLANGONI

Simu ya chifu: ....................
Simu ya naibu wa chifu: ....................
Simu ya mtu wa utui wa juu ya mto: ....................
Nyumba tutakayolala mto ukijaa: ....................

Mstari wa mwisho ndio wengi huacha wazi. Ujaze kabla ya Oktoba. Mwenye mahali pa kulala hana sababu ya kuvuka.

MAJI YAKIPITA JUU YA DRIFTI, USIPITE.