Mafua ya Vijana na Kikohozi Kisichokwisha

Mwezi wa Juni na Julai, Mlima Meru unapojifunika mawingu, hapa Kaloleni ibadani kikohozi husikika kabla ya wimbo. Twasema ni baridi. Lakini baridi peke yake haileti mafua. Mafua huletwa na virusi, navyo ni vya aina zaidi ya 200. Baridi hutufanya tufunge madirisha na kubanana ndani, na vijana wanaolala wanne katika chumba kimoja cha kupanga huambukizana upesi.

Mafua ya kawaida hayana dawa ya kuyaua. Kijana apumzike na anywe vitu vya moto, chai ya tangawizi na asali ikimpendeza. Akiumwa kichwa, ameze paracetamol vidonge 2 vya miligramu 500, visizidi 8 kwa siku moja. Kwa kawaida hupona katika siku 7 hadi 10. Vidonge vya rangi mbili, ambavyo vijana wetu hununua viwili vitatu dukani, haviui virusi hata kimoja. Hatumkatazi mtu kujifukiza, ila sufuria ya maji ya moto imeunguza wengi.

Tena si kila kamasi ni mafua. Anayepiga chafya na kuwashwa macho kila vumbi linapotimka, bila homa, huenda ana mzio. Mwenye homa, hasa kama ametoka Mto wa Mbu au pwani, apimwe malaria. UVIKO-19 nao huweza kuanza kama mafua. Anayehema kwa shida apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Lakini lililotufanya tushike kalamu ni kikohozi. Zamani, tulipokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu, mwanafunzi wetu mmoja alikohoa muhula karibu wote. Tulimpa limau. Tulimsifu mbele ya wenzake kwa kuwa hakukosa kipindi hata kimoja. Suruali ilipoanza kumpwaya tulidhani ni chakula cha bweni. Siku alipotema damu ndipo tulipompeleka kupimwa: kifua kikuu. Alipona, ila alipoteza mwaka mzima wa masomo, na wenzake wawili wa bwenini walikutwa nacho pia. Sisi tulikuwa walimu, na somo la afya tulilifundisha wenyewe.

Kwa hiyo hesabuni siku. Kikohozi kikifika wiki 2, msingoje tena, hata kama kijana anacheza mpira na kula vizuri. Kutoka jasho usiku, homa za jioni na kukonda ni dalili za kuharakisha zaidi.

Wako vijana wetu waendao Mererani kuchimba tanzanite. Hao tuwaangalie kwa namna ya pekee. Vumbi la mwamba hujeruhi mapafu, na mapafu yaliyojeruhiwa hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Makovu ya vumbi hayaponi, lakini kifua kikuu hupona. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, ambayo ilianza mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, inawajua sana wachimbaji hao.

Vijana wengi huogopa kupimwa kwa sababu watu watasema ni UKIMWI. Ni kweli kwamba VVU hurahisisha kifua kikuu, na ni vizuri vipimwe vyote viwili, lakini wengi wenye kifua kikuu hawana VVU. Kipimo na dawa hutolewa bure. Dawa humezwa kwa miezi 6 kwa kawaida, nao wengi hujisikia wamepona baada ya miezi 2 wakaacha. Hapo ugonjwa hurudi, tena wenye ukaidi. Mama anayekumbusha dawa kila siku afanya kazi kubwa kuliko anayetenga kikombe na sahani, maana kifua kikuu huenea kwa hewa, si kwa vyombo. Fungueni madirisha.

Kituo cha afya kitataka makohozi yatokayo kifuani, si mate. Ya asubuhi, mara tu mtu aamkapo, ndiyo mazuri zaidi.