Bonde la kipajini: Mfupa hufuata mzigo

Ukitembelea soko la Karatina au vijiji vya Mukurwe-ini, huenda ukaona bonde dogo kwenye kipaji cha nyanya mwenye umri mkubwa. Majuzi kijana mmoja alimleta nyanyake kwangu akihofu kwamba mfupa wa kichwa unaliwa na maradhi.

La, huo si ugonjwa. Ni alama ya mukwa, ule ukanda ambao wanawake Wakikuyu huuweka kichwani wanapobeba kuni, maji au viazi mgongoni.

Mfupa si jiwe. Una damu, na una chembechembe hai: baadhi hubomoa mfupa mkuukuu, nyingine hujenga mpya. Mwaka wa 1892 daktari Mjerumani, Julius Wolff, alieleza kwamba umbo la mfupa hufuata kazi unayoifanya. Msichana aliyeanza kuvaa mukwa mifupa yake ingali inakua, akaendelea kwa miaka mingi, huweza kubaki na alama hiyo maishani.

Ubebaji huu una ujuzi wake. Mwaka wa 1986, Profesa Geoffrey Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima wanawake Wajaluo na Wakikuyu. Waligundua kwamba waliozoea waliweza kubeba hadi sehemu moja kwa tano ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu zaidi ya mtu atembeaye mikono mitupu. Mzigo ulipozidi hapo, nguvu zilizotumika ziliongezeka.

Hebu tupige hesabu. Kwa mama wa kilo 60, sehemu hiyo ni kilo 12. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una kilo 20 na zaidi. Akipewa msichana wa kilo 30, huo ni theluthi mbili ya uzito wake!

Kumbuka pia kwamba utafiti huo ulipima nguvu, haukupima usalama wa shingo. Shingo ina pingili saba, na katikati ya nyingi kuna visahani laini. Visahani vikichakaa, mishipa ya fahamu huweza kubanwa.

Nilipomuuliza nyanya kinachomsumbua, hakutaja kipaji. Alisema vidole vina ganzi na vikombe vinamponyoka. Hapo ndipo penye hatari.

Kwa hivyo:

• Gawa mzigo. Heri safari mbili.
• Mtoto abebe mtungi mdogo.
• Ukiweza, tumia toroli au punda.
• Ukiona ganzi mikononi, udhaifu wa mikono au miguu, au ukishindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali mara moja. Usikubali kukandwa wala kunyooshwa shingo.

Bonde la kipajini halihitaji dawa. Mwulize nyanya kuhusu shingo na vidole vyake.