Sauti ya Mkimbizi katika Mipango ya Afya

Mwezi Mei 2015, maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walikusanyika Kagunga, kijiji kidogo cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, na kipindupindu kikazuka kati yao. Tiba yake inajulikana: maji yenye chumvi na sukari ya kunywa, na dripu kwa aliyezidiwa. Ugumu huwa katika kinga, yaani maji safi, vyoo na taarifa. Hapo ndipo ujuzi wa mkimbizi mwenyewe unapohitajika, ingawa yeye huulizwa mwisho.

Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika mengi ya misaada, vinataka kila mtu apate walau lita 15 za maji kwa siku, na choo kimoja kitumiwe na watu wasiozidi 20. Kambi yaweza kutimiza hesabu hiyo, na bado mama akaogopa kwenda chooni usiku kwa kuwa njia haina taa na mlango hauna komeo. Taarifa ya mwezi itaonyesha kwamba vyoo vinatosha, huku watoto wakiendelea kuhara. Aijuaye sababu ni mama yule, naye hayumo kikaoni.

Hata akiwamo, lugha yaweza kumnyamazisha. Katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mkoani Kigoma mwaka 1996, Wakongo wengi walitoka Kivu Kusini na Kiswahili wanakifahamu. Miongoni mwa Warundi walioungana nao mwaka 2015, si wachache waliojua Kirundi tu. Kikao cha Kiswahili kisicho na mkalimani hukusanya saini za mahudhurio, si maoni.

Maafikiano ya Kimataifa kuhusu Wakimbizi, yaliyoidhinishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2018, yanahimiza wakimbizi washirikishwe kwa dhati, wakiwamo wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hayaifungi serikali yoyote kisheria. Ni kweli pia kwamba masuala ya usalama wa nchi hayaamuliwi kambini. Lakini mahali pa kuchimba choo, saa za kliniki ya wajawazito, au jinsia ya mhudumu anayempokea mwanamke aliyebakwa, hayo hayasubiri kibali cha bunge. Kamati ya afya ya wakimbizi waliochaguliwa na wenzao, inayoitwa kabla bajeti haijafungwa, na inayopewa sababu kwa maandishi pendekezo lake linapokataliwa, ingetosha kwa kuanzia.