Harimu ya Mto: Nani Mwenye Haki na Ukingo wa Lingadzi?



Ndugu msomaji, ukishika barabara ya Kenyatta hapa Lilongwe kutoka Old Town kwenda City Centre, kuna mahali nyumba na maduka yanakatika na unaona miti mirefu. Hapo unapita Mto Lingadzi na eneo la hifadhi linaloufuata. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 sehemu yake imekuwa chini ya taasisi ya Lilongwe Wildlife Trust, ambayo hulea wanyama waliookolewa kwa wawindaji na wafanyabiashara haramu, na kufundisha wanafunzi. Ndani mna vijia vya miguu, mamba mtoni, na usiku fisi.

Muhula uliopita baadhi yetu wa jumuiya tulipita huko. Dada mmoja aliyekulia Dzaleka, kama mimi, alisimama kwenye kijia akauliza: “Watu hawana pa kulima wala kuni za kupikia, na hapa katikati ya mji fisi wana uwanja wao?” Sikuwa na jibu. Nimelitafuta vitabuni, na nililolikuta silo nililolitarajia.

Tuanze na hima. Zama za Jahiliya, mkubwa wa kabila akipata malisho mazuri alimpandisha mbwa wake mahali pa juu ambweke, na pote ilipofika sauti pakawa pake peke yake. Imam Shafii ameieleza desturi hiyo. Mtume (s.a.w.) aliifuta: hakuna ardhi ya kuzuiwa isipokuwa kwa ajili ya Allah na Mtume Wake, yaani kwa manufaa ya wote. Kisha yeye mwenyewe akaizuia an-Naqi' kwa ajili ya farasi wa Waislamu, na akakataza kukata miti ya Madina. Kwa hiyo kuzungushia ardhi mpaka ili iachwe kama ilivyo ni jambo tunalolijua katika dini yetu kabla ya wazungu kutuletea hifadhi.

Lakini kingo za mito zina hukumu yake. Mafakihi wanaiita harimu: ukanda wa pembeni ambao mto unauhitaji ili ubaki mto. Kwa kawaida ardhi mfu huwa ya aliyeihuisha kwa kulima au kujenga, ila harimu haimilikiwi kwa njia hiyo. Wamekhitilafiana juu ya upana. Miongoni mwa Mahanafi, Abu Yusuf alikadiria nusu ya upana wa mto kila upande, na Muhammad bin al-Hasan akasema upana mzima kila upande. Mashafii, ambao ndio madhehebu ya wengi wetu Afrika Mashariki, wanatazama haja na desturi ya mahali. Na hapa walikaza kuliko nilivyodhani: walisema jengo lililojengwa ndani ya harimu ya mto libomolewe hata kama ni msikiti. Imam as-Suyuti aliandika risala nzima juu ya hili, kwa sababu watu wa Kairo walikuwa wanajenga kuusogelea mto Nile. (Tukisikia tena mtu anapendekeza musala karibu na kijito kwa sababu maji ya udhu yako jirani, tumkumbushe risala hiyo.)

Sababu yake tunaiona kwa macho. Ukingo ukikosa miti na majani, mvua ya Januari inateremsha udongo mtoni, na kitanda cha mto kinajaa mchanga. Lilongwe inakunywa Mto Lilongwe, kupitia mabwawa mawili ya Kamuzu, na mto huo unaanzia msitu wa Dzalanyama, ambao umekatwa kwa ajili ya makaa mpaka serikali ikapeleka wanajeshi kuulinda. Uchafu nao ni habari ya uhai na kifo. Katika kipindupindu cha 2022 na 2023 walikufa Malawi watu zaidi ya 1,700. Mtume (s.a.w.) alipokataza mtu kujisaidia kwenye njia za maji, njiani na kivulini, alitaja mahali patatu ambapo mmoja akichafua, wote wanadhurika.

Mpaka hapo dada yetu angeweza kusema: sawa, mto una haki, na mimi je?

Sayyidna Umar (r.a.) alizuia ardhi ya ar-Rabadha kuwa hima. Katika Sahih al-Bukhari imepokewa kwamba alimweka mtu wake aitwaye Hunayy kusimamia hima, akamuusia aogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwambia amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awe macho na mifugo ya Ibn Auf na ya Ibn Affan. Tazama ni nani hao! Ni masahaba wakubwa, waliobashiriwa pepo. Umar alieleza kwamba wao mifugo yao ikifa watarudi kwenye mitende na mashamba yao, ila mnyonge ikimfia yake atamjia Umar na watoto wake wakilia, na majani na maji ni rahisi kwake kuyatoa kuliko dhahabu na fedha.

Kwa hiyo hima ya Umar ilikuwa na mlango, na mlango huo ulifunguka kwa maskini kwanza. Kwa kipimo hicho, hifadhi inayomfukuza mama mwenye dimba la mboga ukingoni, kisha ikafumbia macho nyumba ya ghorofa iliyojengwa hatua chache kutoka majini, imegeuza agizo la Umar chini juu. Wala simhesabii haki mwenye dimba anayelima mpaka ukingo ukabomoka. Harimu inamhusu na yeye. Anayemtoa hapo ndiye anayedaiwa kumwonyesha pengine pa kulima.

Na sisi wa Dzaleka tusijitoe. Kambi ilifunguliwa 1994 kwa watu wachache, leo tumepita 50,000, na karibu kila nyumba inapika kwa kuni au makaa. Mimi nimesoma kwa mwanga wa bei ya makaa, maana mama aliyauza. Sitamwita mharibifu. Ila niliwahi kumuuliza gunia linatoka wapi, akasema hajui, na sikuuliza mara ya pili. Jiko linalobana makaa lingetupunguzia nusu ya swali, na jumuiya yetu ina wanafunzi wa uhandisi wanaoweza kufundisha kulifinyanga kwa udongo.

Tulipoachana siku ile, dada alicheka akasema yeye kuingia hima ya Lingadzi alihitaji kwanza ruhusa ya kutoka kambini. Basi ziara ijayo, inshaallah, ndugu wa Dzaleka watupe majina mapema ili barua za kuombea vibali ziandikwe kwa wakati. Nauli ya minibasi tutachangiana.