Kabla Hujafunga Tela: Namna ya Kubeba Injini na Vyuma Vizito kwa Gari la Familia

Wiki hii naomba tuache kidogo mbegu na kantangaze, tuzungumzie barabara. Ukishakuwa mkulima wa biashara mwenye pikapu ya kazi, ipo siku injini itakufa, tena itakufa msimu wa mavuno. Fundi atakwambia kuna injini ya mtumba mjini, na utaliangalia gari la familia lililopaki nyumbani, utakumbuka jirani ana tela dogo, utasema tatizo limeisha.

Mimi nilisema hivyo hivyo. Somo hili limenigharimu heshima, na limemgharimu kijana mmoja mavuno yake.

Ilikuwaje

Dogo mmoja wa Ilula, Iringa, alikuwa na ekari mbili za nyanya zimeanza kuiva. Pikapu yake ikaua injini. Akanipigia: "Bwana Shamba, nimekwama. Kaka yangu ana gari Dar na tela tumepata. Unarudi lini?" Nilikuwa Dar kwa shughuli zangu, nikakubali kwenda naye Gerezani, Kariakoo, kutafuta vyuma. Tukapata injini ya dizeli ya silinda nne, gia boksi na ekseli ya nyuma pamoja na difu yake.

Vijana wa kupakia wakaweka ekseli na gia boksi mbele, injini wakaiacha nyuma karibu na mlango wa tela, ili ikifika iwe rahisi kushusha. Dogo aliuliza kama ni sawa. Mimi, mtu wa diploma, nikajibu: "Twende, gari lina nguvu hili."

Na kweli lilikuwa na nguvu. Chalinze, Morogoro, Mikumi, tulipita vizuri tu. Tulipoanza kuteremka milima ya Iyovi, spidi 80 na kitu, tela likaanza kutikisa mkia. Kwanza kidogo, kulia, kushoto. Halafu likawa linalivuta gari lenyewe. Dereva akakanyaga breki, na hapo ndipo lilipotushinda. Tela likalala upande, likaburuzwa, gari likasimama ukingoni likiwa limegeukia tulikotoka. Tulikuwa watu watatu, hatukuumia. Injini ilipasuka bloku. Kitonga hatukuiona siku ile, na matenga ya kwanza ya nyanya yaliozea shambani.

Nilichojifunza ni hiki: nguvu ya kuvuta na nguvu ya kusimamisha ni vitu viwili tofauti. Injini ya gari inakuonyesha ile ya kwanza tu. Ya pili unaigundua kwenye mteremko, muda umeshapita.

1. Pima, usikadirie

Sisi wakulima tuna bahati, mizani tunayo. Mizani ya jukwaa ya ghalani, ile ya kupimia magunia, inatosha kabisa. Pima kila chuma peke yake, pima na tela tupu, kisha jumlisha. Tulipokuja kupima mzigo wetu, hali ilikuwa hivi:

Tela tupu: kilo 220
Injini: kilo 260
Gia boksi: kilo 70
Ekseli na difu: kilo 110
Mbao, minyororo na mikanda: kilo 20
Jumla: kilo 680

Sasa chukua kadi ya gari, tazama uzito wa gari likiwa tupu. Uingereza wana kanuni nzuri ambayo mimi sasa naitumia: tela lisilo na breki zake lisizidi kilo 750, na pia lisizidi nusu ya uzito wa gari tupu linalolivuta. Chukua kile kilicho kidogo. Gari la kilo 1,500 nusu yake ni 750, kwa hiyo kilo 680 zinakubalika. Gari letu lilikuwa la kilo 1,250, nusu yake ni 625. Tulizidisha kilo 55 na hatukujua.

Na kama kitabu cha gari kinataja kikomo kidogo kuliko hicho, fuata kitabu. Magari yetu mengi yametoka Japani na vitabu vya Kijapani, kwa hiyo tafuta mtu akusomee ukurasa huo. Kama kitabu kinasema gari hilo halivuti tela, basi halivuti. Usibishane nacho.

2. Uzito wa pua ya tela

Hapa ndipo tulipoumia zaidi. Tela likiwa limepakiwa, pua yake (pale linapofungwa kwenye gari) inatakiwa ilalie gari kwa uzito fulani. Kwa matela haya madogo lenga karibu asilimia 10 ya uzito wote. Mzigo wa kilo 680 unataka pua ya kama kilo 68. Pua ikiwa nyepesi mno, mkia ndio unaoamua safari. Ikiwa nzito mno, gari linachuchumaa nyuma, matairi ya mbele yanapungua kushika barabara, usukani unakuwa mwepesi.

Kupima ni rahisi. Weka tela mahali tambarare, zuia magurudumu, kisha simamisha pua juu ya mizani kwa kipande cha mbao chenye urefu sawa na kimo cha kufungia kwenye gari. Soma namba.

Wiki mbili baada ya ajali tulichukua tela lile, likiwa limenyooshwa, tukapanga vyuma vile vile kama vilivyokuwa siku ile. Pua ilisoma kilo 14. Tukasogeza injini mbele nusu mita, basi, hatukugusa kingine. Pua ikasoma kilo 68. Dogo akaniangalia, hakusema kitu. Nusu mita, jamani.

Kwa hiyo kizito kabisa kikae juu ya ekseli ya tela au mbele yake kidogo, na chini kadiri inavyowezekana. Mlangoni weka vyepesi. Angalia pia kile chuma cha kuvutia nyuma ya gari, mara nyingi kimeandikwa kikomo cha uzito wa pua. Usikivuke.

3. Funga kama vile barabara itapinduka

Injini haina umbo la gunia. Ina miguu isiyolingana na inapenda kuviringika. Mwaga oili na maji kwanza. Itengenezee kitanda cha mbao nzito kinacholingana na pale inapokaa, usiiegemeze kwenye tairi kuukuu.

Kamba ya manila iache kwa ajili ya mbuzi. Tumia minyororo, au mikanda ya kukazia mizigo yenye kikazio cha meno, angalau minne, kila mmoja ukivuta kona yake: miwili mbele, miwili nyuma. Funga kwenye chasisi ya tela, sio kwenye bati la ubavuni. Pale mkanda unapopita kwenye ncha kali weka kipande cha mpira, la sivyo chuma kitaukata ukiwa njiani.

Kuna na vyuma vyepesi vyenye umbo kubwa: boneti, milango, bampa, kioo cha mbele. Hivi mizani haivioni, lakini upepo unaviona. Boneti iliyolala wazi juu ya tela ukiwa spidi 80 inataka kupaa. Isimamishe kwa urefu ikifuata mwelekeo wa safari, funika kwa turubai lililobanwa pande zote, na chochote kinachotokeza nyuma kifunge kitambaa chekundu.

4. Ukaguzi wa dakika kumi

Pua imekaa sawasawa na imefungiwa pini. Jaribu kuinyanyua kwa mkono: ikitoka, haikuwa imefungwa.
Minyororo miwili ya usalama imepishana kama msalaba chini ya pua, ili pua ikichomoka idakwe isichimbe lami.
Taa za tela zinawaka: breki, indiketa, za usiku. Mtu mmoja akae ndani, mwingine nyuma.
Matairi ya tela yana upepo unaotakiwa na hayana nyufa. Matela mengi yanakaa uani miaka, tairi linaonekana jipya kumbe limezeeka.
Tairi la akiba la tela lipo. La gari halitaingia.
Tela nalo lina usajili na namba yake, na bima yako inajua kuwa unavuta.

Ukishatembea kilomita 5, simama. Kaza mikanda, maana mzigo ukishatikisika unajipanga upya. Kwenye kilomita 50 simama tena, kaza nati za magurudumu, sogeza mkono karibu na kitovu cha gurudumu la tela. Kikiwa cha moto kiasi cha kushindwa kukigusa, beringi inakufa. Usiendelee.

5. Barabarani

Spidi ikipanda mara mbili, nguvu inayotakiwa kulisimamisha gari inapanda mara nne. Kutoka 40 hadi 80 sio nyongeza ndogo. Mimi sasa nikiwa na tela nakwenda 60, nikichelewa nachelewa. Acha nafasi mbele yako mara mbili ya ile uliyoizoea.

Mlimani tazama geji ya joto. Magari mengi ya familia yana gia boksi za otomatiki ambazo hazikutengenezwa kwa kazi hii, na joto ndilo linaloziua. Kupanda Kitonga na tela ukiwa umewasha kiyoyozi ni kumtafutia fundi chakula.

Kwenye mteremko weka gia ndogo kabla hujaanza kushuka, uiache injini ikuzuie. Breki gusa na achia, usizilalie.

Na tela likianza kutikisa mkia: toa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, usikanyage breki kwa nguvu, usijaribu kulikimbia. Liache lipungue lenyewe. Likitulia, tafuta mahali salama usimame upange mzigo upya. Sisi tulifanya kinyume cha haya yote.

6. Piga hesabu ya biashara

Hili ndilo ningependa ulibebe zaidi. Tulidhani tunaokoa nauli ya mzigo. Lakini kwenye hesabu hatukuweka mafuta ya kwenda na kurudi, uchakavu wa gari la watu, siku mbili za mwenye shamba kutokuwepo msimu wa mavuno, wala hatari yenyewe.

Injini ya pili dogo aliipata kwa njia nyingine. Fuso zinazopeleka nyanya Dar hurudi na nafasi. Aliongea na dereva aliyekuwa anamjua kutokana na matenga yake, injini ikapakiwa, ikafika Ilula asubuhi yeye akiwa shambani anavuna kilichobaki. Alilipa nauli tu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii. Milango, bampa, matairi na rejeta, gari la familia na tela dogo vinatosha, ukifuata haya niliyoandika. Injini moja, ndiyo, kama mizani imekubali na njia haina milima mirefu. Injini na gia boksi na ekseli kwa mpigo, tafuta lori linalorudi tupu.

Kijana yule bado ananiita Bwana Shamba, ila siku hizi nikimshauri kitu huuliza kwanza, "Umepima?" Nami nakuachia swali hilo hilo, kwa tela na kwa mengine yote ya shambani.

Kazi njema, na safari salama.